Vitumbua vya mama mkwe vina kosa gani?

*Shangazi, mwanangu wa miaka 6 ana ugonjwa wa siliaki. Daktari kathibitisha kwa kipimo cha damu na cha utumbo, hatakiwi kula ngano maisha yake yote. Mama mkwe haelewi. Kila Ijumaa analeta vitumbua na mkate wa kumimina, anajisifu kaloweka mchele usiku kucha na kuusaga mwenyewe. Ijumaa iliyopita mtoto alilia tumbo usiku mzima, na ule mkate nikautupa jalalani. Mume kanuna, sasa anakula kwa mama yake. Mimi nanunua unga maalumu wa nje kwa bei ya kuruka, nakanda, naoka, linatoka tofali. Ijumaa hiyo nilikuwa na wageni, sambusa zao na chipsi za mtoto nimekaanga peke yangu, hakuna aliyenipokea. Nimfanyeje huyu mwanamke? Mama Mchovu, Tanga.*

Pole, mwanangu. Kulea mtoto asiyeweza kugusa andazi katika mji unaoamka na maandazi si mchezo. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona mavyaa wako jeuri. Mara ya tatu nikaliona karai. Sambusa za wageni na chipsi za mtoto, siku moja, jiko moja. Mafuta ulibadilisha? Hukusema, na wewe si mtu wa kuficha jambo linalokusifu. Manda za sambusa ni ngano tupu. Unga wake unabaki kwenye mafuta, na kwa mtoto wa siliaki chembe usiyoiona kwa macho inatosha kuufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe. Utumbo ukiumia, chakula anakula lakini hakimjengi. Mkate wa bibi ndio uliokwenda jalalani, karai likabaki jikoni.

Sasa tumrudie mshtakiwa wetu. Vitumbua ni mchele, tui la nazi, hamira, sukari na iliki. Mkate wa kumimina ni hivyo hivyo, ongeza mayai. Ngano iko wapi hapo? Na mtu mzima aliyeacha mashine ya mtaani, inayosaga ngano leo na mchele kesho, akasaga mwenyewe nyumbani, huyo ndiye unayesema haelewi? Mimi naona kamwelewa daktari kuliko wewe. Kitu cha haki cha kumwuliza ni kimoja: je, anatia kijiko cha unga wa ngano ili vishikane? Wapo wapishi wanaotia. Muulize kwa adabu, umekaa chini, si umesimama mlangoni na mikono kiunoni.

Kuhusu tofali lako. Gluteni, protini ya ngano ile ile inayomuumiza mwanao, ndiyo inayovutika na kuishika hewa ya hamira. Unga usio nayo hata ukiukanda hadi alfajiri hauna cha kuvutika. Unataka uwe rojo, uachwe uumuke, kisha umiminwe. Kwa nini unadhani unaitwa mkate wa kumimina? Fundi wa mikate isiyo na ngano anaishi mtaa wa pili, anakuletea kila Ijumaa bila malipo, wewe unapeleka hela dukani. Na kabla sijasahau: pakiti ya uji wa lishe igeuze nyuma usome. Nyingi zimechanganywa ngano.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Bibi harusi anaingia nyumbani na simu yake, simu ndiyo somo, simu ndiyo daktari, simu ndiyo mavyaa. Mwanamke aliyemlea huyo mume tangu nepi anaonekana mchawi kwa sababu hana picha nzuri mtandaoni. Kisha mume akikimbilia sahani ya mama yake mnashangaa! Mumeo naye ana lake, kununa si kazi ya mwanamume mwenye mtoto mgonjwa, lakini yeye hakuniandikia.

Nunua karai jipya la mtoto na mafuta yake, visiguswe na ngano kabisa. Jumamosi chukua mchele kilo mbili na nazi, nenda kwa mama mkwe, umwambie umekuja kufundishwa. Habari ya mkate uliotupa ianze wewe kuisema. Jalala la Tanga lina macho. Alishaambiwa siku ile ile.