Tuisheni ya kemia advansi: unalipia chaki ya mwalimu au kalamu ya mtoto?

SWALI: Habari mwalimu, mimi ni mzazi niko Morogoro. Kijana wangu olevo alipata B ya kemia tukafurahi, akapangiwa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) shule ya bweni. Sasa kaja likizo ya Desemba na ripoti, kemia ana 31, F. Baba yake anasema tuisheni ni kupoteza hela maana shuleni mwalimu yupo, majirani wanasema bila tuisheni advansi hatoboi. Hapa mtaani kuna senta wanajaa ukumbi mzima wanasolvu pastipepa asubuhi mpaka jioni, na kuna kijana kamaliza chuo anafundisha nyumbani mmoja mmoja ila bei yake imesimama. Nimpeleke wapi? Na hiyo tuisheni inasaidiaje hasa, nisije nikalipia hewa.

JIBU: Za leo mama, na pole. Hiyo 31 isikutishe kupita kiasi, mtoto hajawa mjinga ndani ya miezi mitano. Olevo B ni 65 mpaka 74, advansi B inaanzia 70, A inaanzia 80 na chini ya 35 ni F, kwa hiyo tuseme form four alipata 66, hata angebaki na hizohizo advansi ingesomeka C. Halafu kuna muda. Tunasema advansi ni miaka miwili ila form five wanaripoti Julai na pepa la taifa la form six linapigwa Mei, ukihesabu ni miezi 22 hivi, humo toa likizo, toa mitihani ya ndani, toa wiki za mwanzo za kutafuta godoro na kuzoea maharage ya bweni, kinachobaki mwalimu anakipitia mbiombio. Simlaumu, nimefundisha kemia advansi miaka 11 najua, ukiwa na watoto 70 mbele yako na silabasi inakukimbiza huwezi kumsimamia mmoja dakika ishirini uone kwa nini anakosea.

Hizo dakika ishirini ndo tuisheni. Kama unacholipia hakina hizo dakika basi mzee wako ana hoja.

Ngoja nikuonyeshe kitu, hata kama kemia uliiacha zamani utanielewa tu. Swali la kawaida kabisa la titresheni, yaani kumiminia asidi kidogokidogo mpaka imalizane na kabonati ujue ukali wake: sodiamu kabonati gramu 2.65 imeyeyushwa kwenye maji mpaka ikafika sentimita za ujazo 250, ukichukua 25 za huo myeyusho zinamalizwa na asidi ya hidrokloriki 20, tafuta molariti ya asidi, yaani lita moja ina moli ngapi, na moli ni kipimo chetu cha kuhesabia chembe. Jibu ni 0.25. Mtoto mmoja niliyekuwa nae likizo iliyopita akaniletea 0.0625. Shuleni kwao ile karatasi ilipigwa kosa la wino mwekundu, ikarudi, basi, na yeye akaenda kukariri fomula upya kwa bidii zote. Mimi nikamwambia futa, ifanye tena mbele yangu na mimi sisemi kitu. Akaandika fomula yake ile ndefu ya MaVa juu ya MbVb, sawa sawia, akatafuta moli za kabonati, sawa, mlinganyo kausawazisha vizuri, asidi mbili kwa kabonati moja, alivyofika kuweka namba kalamu ikasita kidogo, akaweka 1 juu na 2 chini. Hapohapo. Yaani kosa lote la mtoto wa watu lilikuwa pale kalamu iliposita, hakujua kwenye fomula "a" ni nani na "b" ni nani, asidi au kabonati, alikuwa anabahatisha kila siku, siku nyingine anapata siku nyingine anakosa na mwenyewe anajiona ana bahati mbaya na kemia.

Nikamfungia ile fomula. Nikamwambia wiki nzima hiyo kitu usiiguse, kila swali uende na moli tu: una moli ngapi za kabonati kwenye zile 25? 0.0025. Kila moja inakula asidi ngapi? Mbili. Basi asidi ni 0.005, na hizo zilikuwa kwenye ujazo gani? Sentimita 20, yaani lita 0.02. Gawa. Siku ya nne akaanza kuniambia jibu kabla hajashika kalkuleta.

Sasa jiulize, ukumbini na watoto 150 nani angeiona ile kalamu? Nawajua hao wa ukumbini maana na mimi niliwahi kuwa mmoja wao. Nilikodishiwa ukumbi likizo moja, watoto wamejaa mpaka dirishani, nasolvu maswali ubaoni mfululizo, wanacheka, wanapiga makofi, swali gumu la ekwilibria nalimaliza kwa mistari mitano wanasema mwalimu noma. Kulikuwa na binti anakaa mbele kabisa, ananakili kila kitu kwa kalamu za rangi tatu, kila nikiuliza tumeelewana anatikisa kichwa. Shule zilipofunguliwa akafanya jaribio akapata F ileile aliyokuja nayo. Niliumia sana, na ukweli ni kwamba zile wiki tatu nilikuwa nafanya mazoezi mimi, yeye alikuwa ananitazama. Kumwangalia mtu anavyopika hakukufanyi ujue chumvi inawekwa lini.

Kitaalamu hii ishu ina historia. Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago alitoa andiko lililokuja kuwa maarufu sana kwa walimu, alilinganisha watoto wa darasa la kawaida na waliofundishwa mmoja mmoja, akakuta mtoto wa kati tu wa lile kundi la mmoja mmoja anawazidi kama asilimia 98 ya watoto wa darasa la kawaida. Watu wakaishika hiyo namba kama Msahafu. Waliokuja baadae wamekuta faida ipo ila ndogo kuliko hiyo, Kurt VanLehn mwaka 2011 alipitia tafiti nyingi na akapata kama nusu ya kile cha Bloom au chini yake. Mi ninachokichukua pale sio namba. Watoto wa Bloom walikuwa wanapewa jaribio dogo, wanaonyeshwa walipokosea, wanarudia mpaka washike ndo wanasogea mbele. Hicho kipande cha kurudia ndo senta nyingi wamekitupa, maana hakipendezi machoni, mzazi akipita dirishani anaona mtoto kainama anafuta na raba na mwalimu kakaa kimya, anaona anaibiwa.

Kuna shida nyingine ya kemia yenyewe. Alex Johnstone wa Glasgow aliieleza vizuri miaka ya 90, kwamba kemia inamtaka mtoto awe sehemu tatu kwa wakati mmoja: kitu unachokiona kwa macho, chembe usizoziona, na alama unazoandika karatasini. Mwalimu mzoefu anaruka kati ya hizo tatu bila kujijua, mtoto anabaki kwenye alama peke yake. Ndo maana mimi kwenye begi natembea na visoda. Nampa mtoto visoda vyekundu vinane kwa jozi, hizo molekuli nne za hidrojeni, na vya kijani sita kwa jozi, molekuli tatu za oksijeni, namuuliza tukitengeneza maji kipi kitaisha kwanza? Wengi, hata wa PCM wenye hesabu zao, wanasema oksijeni kwa sababu tatu ni ndogo kuliko nne. Namwambia tengeneza. Anapanga maji moja, mbili, tatu, nne, anaangalia mezani hidrojeni imekwisha na jozi moja ya kijani imebaki inamtazama. Kimya. Halafu anacheka. Hilo swali hatalikosa tena maisha yake yote, na visoda nimeokota bure nje ya duka la Mangi.

Oganiki, kemia ya kaboni, nayo ni hivyohivyo. Mtoto amekariri kwamba benzini ukiipa asidi ya nitriki kali pamoja na salfuriki kali unapata nitrobenzini, vizuri, ila mwambie achore mekanizimu, yaani hatua kwa hatua elektroni zinavyohama, uone mshale anauanzia wapi. Anautoa kwenye NO2 chanya kwenda kwenye ringi ya benzini, kwa sababu kichwani kwake mshale unaonyesha nani anamfuata nani, kama mtu anaenda dukani. Mshale unaonyesha elektroni zinakotoka na zinakokwenda, na zenye kutoa ni ringi. Ukimrekebishia hiyo moja tu umemrekebishia mekanizimu zote za mwaka mzima, ila lazima uwe umekaa pembeni yake anapochora.

Na lugha tusijidanganye. Pepa ni la Kiingereza, mtoto shule ya msingi kasoma Kiswahili, wengine wanakosa maswali ambayo kemia yake wanaijua kabisa. Nina mmoja aliona swali limeanza na "account for" akaanza kutafuta namba za kuhesabu, alidhani ni hesabu, kumbe anaulizwa toa sababu. Kwenye tuisheni mimi naelezea Kiswahili, tunabishana Kiswahili, halafu jibu analiandika Kiingereza mistari miwili na mimi nalisahihisha kama msahihishaji, neno kwa neno. Anayefundisha Kiswahili mwanzo mwisho anamfurahisha mtoto sasa hivi na anamwachia mzigo Mei.

Sasa turudi kwako mama. Kati ya wale wawili mchukue huyo kijana wa nyumbani, ila usimchukue kwa mwezi mzima kila siku kama unaajiri mlinzi. Vipindi vitatu kwa wiki, saa moja na nusu mpaka mbili, katikati kuwe na siku ya mtoto kufanya maswali peke yake, maana bila hiyo siku mwalimu akija hana cha kuangalia. Likizo hii ukipata vipindi nane au tisa vya hivyo vinatosha kuziba moli, titresheni na mwanzo wa enejetiki (hesabu za joto la mmenyuko), na hapo ndo 31 nyingi za form five zinapotokea. Bei ikikubana tafuta wazazi wawili wenye watoto wa level hiyohiyo mchange, watatu bado mwalimu anaona kalamu zote, wakifika sita saba tayari umerudi ukumbini. Huo ukumbi sio haramu, form six akishakuwa anajua vitu vyake, mwezi wa pili wa tatu, aende akasolvu pastipepa na wenzie kwa kupimiwa muda, pale unamjenga spidi. Ila kwa mtoto wa 31 pastipepa sasa hivi ni kumtwisha gunia mwenye homa.

Kabla hujatoa hela mjaribu mwalimu. Mwambie kipindi cha kwanza unalipa, ila unataka ukae sebuleni usikilize. Akiongea yeye zaidi ya nusu ya muda, au akianza kuamuru mtoto anakili noti zake mpya, mshukuru na umpe nauli. Akiuliza "kwa nini umefanya hivyo?" mara nyingi mpaka mtoto anakereka, huyohuyo, mshike. Na usiogope akikwambia swali fulani halijui atakuja nalo kesho, mi pia bado yananitokea.

Praktiko usiilipie nyumbani. Wapo wanaokuja na chupa za asidi kwenye mfuko wa rambo, sebuleni hakuna miwani hakuna maji ya bomba karibu, mtoto akimwagikiwa jichoni hakuna A itakayoliponya. Bureti, ule mrija wa kupimia asidi, na zile chumvi za kutambua ayoni ni za maabara ya shule, huko akajisogeze kwa mtu wa maabara aombe kurudia. Wanachoweza kufanya nyumbani ni kujaza jedwali la matokeo, kusoma bureti kwenye picha kwa desimali mbili, na kukokotoa. Pia mwalimu amkumbushe kwamba methili oranji, ile rangi ya kuonyesha asidi imetosha, unaisimamisha ikigeuka kutoka njano kuwa chungwa, wengi wanasubiri iive mpaka nyekundu na hapo asidi imeshapitiliza.

Kuna kitu cha mwisho hujaniuliza ila nakuambia. Mwanao alizoea B na sasa hivi pengine anaona aibu, atakuambia "mama nimeelewa" ili yaishe. Usimuulize kama ameelewa. Jioni mwambie akufundishe wewe titresheni kwa maharage au visoda, wewe usiyejua kitu, na umuulize maswali ya kijinga kabisa. Akikwama na akajua amekwama wapi, mwalimu akija kesho ana pa kuanzia.

Na siku ya kwanza asiende na madaftari yenye noti nzuri. Aende na karatasi za mitihani ya muhula huu zilizosahihishwa, hasa ile ya 31, na kama ameitupa kwa hasira amwombe rafiki yake wa bweni ampigie picha ya maswali.