Ijue Data Kabla ya Kuichora: Ushauri kwa Wanaoanza Kuchambua Modeli za Bahari

Wengi wanaoanza kushughulika na matokeo ya modeli za bahari, yaani programu za kompyuta zinazoiga hali ya bahari, hapa Zanzibar huanzia kwenye picha: hufungua ParaView, programu ya kuchora data, hupakia faili, na baada ya muda mfupi bahari yote ya Unguja na Pemba imejaa rangi kwenye skrini. Programu hiyo ni huria na haidai ada ya leseni, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa kwetu lina uzito mkubwa. Hata hivyo, haitakuuliza kama unakielewa unachokitazama. Ndiyo maana nawasihi kwanza msome maelezo yaliyomo ndani ya faili. Faili nyingi za modeli hizi ni za NetCDF, muundo wa kuhifadhi data za kisayansi pamoja na maelezo yake, na amri ya ncdump -h itakuonyesha majina ya vigeu, vizio vyake, saa ya kuanzia kuhesabu muda, na mara nyingi namba iliyowekwa mahali pa nchi kavu.

Jambo linalowapoteza wageni wengi ni matabaka ya kina. Modeli ya bahari kama ROMS haigawi bahari kwa mita. Matabaka yake hufuata umbo la sakafu ya bahari, yakibanana penye maji machache na kutanuka penye kina. Sasa fikirieni mahali petu. Baina ya Unguja na bara, sehemu kubwa ya maji ina kina cha makumi ya mita tu, ilhali mlango bahari wa Pemba hushuka hadi kiasi cha mita 800. Ukichora tabaka la 15 katika modeli yenye matabaka 30, upande mmoja huenda unatazama maji ya mita 20 na upande wa pili maji ya mita mia kadhaa, kisha ukaandika kwamba maji ya Pemba ni baridi kuliko ya Unguja. Kabla ya kulinganisha joto la sehemu hizo mbili, kadiria thamani zote kwenye kina kimoja cha mita. Maktaba ya programu iitwayo xgcm, inayofanya kazi pamoja na nyingine iitwayo Xarray katika lugha ya Python, imeandaliwa kwa kazi ya namna hiyo. Vivyo hivyo kwa mishale ya mkondo: katika ROMS kasi za pande mbili huhifadhiwa kwenye kingo tofauti za kila chumba cha gridi (wavu wa vyumba vidogo ambamo modeli hugawa bahari), nazo hufuata mwelekeo wa gridi yenyewe. Zilete kwanza katikati ya chumba, kisha uzizungushe zielekee mashariki na kaskazini.

Muda nao unataka uangalifu. Maji yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wimbi kuu la mwezi hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Modeli ikihifadhi hali ya bahari mara moja tu kwa siku, saa ileile, wimbi hilo litajitokeza kwenye grafu kama mzunguko wa siku 14.8. Huo ndio muda wa bamvua hadi bamvua, kwa hiyo hata mtu anayeijua pwani vizuri anaweza kuusadiki. Hifadhini kila saa, na mlinganishe na vipimo vya maji vya bandarini Unguja.

Kuhusu rangi nitasema machache. Achaneni na mpangilio wa upinde wa mvua, kwa sababu huonyesha mipaka isiyokuwemo kwenye data. Matplotlib, maktaba ya kuchora grafu katika Python, iliacha kuutumia kama mpangilio wake wa kawaida mwaka 2017 katika toleo la 2.0 na kuweka mpangilio wa viridis. Kwa kasi yenye thamani chanya na hasi, chagueni rangi mbili zinazokutana kwenye sifuri.

Mwisho, msiridhike na kuhifadhi picha peke yake. ParaView inaweza kurekodi hatua zako kama skripti ya Python. Iwekeni pamoja na picha, mkiandika toleo la programu na jina la faili la data, ili mwenzenu wa Buyu au wa Chake Chake aweze kuichora upya na kuikagua.