Mwaridi wa jangwani unaooza mizizi: usiupande kabla kidonda hakijakauka

Dada, weka chini hiyo ndoo ya maji. Umeandika kwamba majani ya mwaridi wako wa jangwani yamegeuka manjano na kupukutika, kwamba kitako cha shina kinabonyea ukikiminya, na kwamba jioni ya leo unakusudia kukata sehemu iliyooza, kuuhamishia kwenye chungu kikubwa chenye udongo mweusi na samadi, kisha kuunywesha vizuri ili upate nguvu. Ukauliza pia kuhusu ukubwa wa chungu, kuhusu wadudu weupe wenye utando kama pamba, na kama utachanua tena mwaka huu. Nami nilipanga hivyo hivyo, kwa mfuatano huo huo, na siku ya tisa nikautupa jalalani.

Wangu niliununua hapa Dar es Salaam kwa shilingi 60,000, ukiwa na kitako kinene mfano wa boga dogo. Bwana aliyeniuzia kando ya barabara aliniapia kwamba unahitaji kikombe cha maji kila asubuhi kwa sababu jua la hapa ni kali, nami nikamwamini kwa kuwa alikuwa amezungukwa na miche mingi na mikono yake ilikuwa na udongo. Sasa ninajua kwamba miche yake ilipendeza kwa sababu haikukaa kwake muda wa kutosha kuoza. Ilikwenda kuozea kwetu sisi wateja. Mmea huu huota wenyewe katika nyika kavu za Kenya na Tanzania, na hata huko Dhofar, Oman, na kile kitako kinene ndicho ghala lake la maji. Kuupa kikombe kila asubuhi ni kumtwika ngamia madumu ya maji avuke nayo jangwa. Masika yalipoingia niliuacha uani unyeshewe, ukiwa umekaa juu ya kisahani kilichojaa maji, na kikombe changu sikukiacha hata siku za mvua, maana mimi ni mtu wa nidhamu.

Uliponyauka nilidhani una kiu, kumbe mizizi iliyooza haiwezi kunywa, hivyo majani hulegea ilhali udongo umelowa chapachapa. Udongo uliojaa maji hauna hewa. Mizizi hukosa pumzi, hudhoofika, na vimelea vya ukungu hupata mlango wa kuingilia. Mpaka hapo mti wangu ulikuwa bado unaokoleka. Niliung'oa, nikakuta mizizi ya kahawia iliyobanduka ganda lake mkononi mwangu kama soksi iliyolowa, ikinuka maji ya mtaro, nikakata na kukata tena mpaka nikafika kwenye nyama nyeupe, ngumu, inayotoa utomvu. Nilijiona daktari bingwa.

Kisha nikafanya kosa lililoniua, au tuseme lililoua zile shilingi 60,000. Nilimpigia simu yule bwana, naye akaniambia kwa sauti ya mtu asiye na shaka yoyote maishani: "Ukishakata panda hapo hapo, usiuache ukauke." Nusu saa haijapita, kidonda kikiwa kibichi kabisa, nilikizika katika udongo mbichi uliochanganywa na samadi ambayo haijaiva, nikamimina maji lita mbili. Hebu fikiria mtu aliyetoka kupasuliwa, halafu akalazwa kwenye dimbwi. Siku ya tisa niliugusa kwa kidole kimoja, ukalala ubavu bila kupinga, na ndani ya kitako hapakuwa na nyama tena bali uji wa kahawia.

Kwa hiyo kata kadiri unavyotaka, lakini kidonda kikauke kwanza. Vaa glavu, kwa sababu utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji wa Afrika Mashariki walipaka kwenye mishale. Futa kisu kwa spiriti kabla ya kila mkato, kisha uangalie katikati ya sehemu uliyokata: hata kama pembeni ni peupe, kidoa kimoja cha kahawia pale kati kina maana kwamba uozo umetangulia mbele, kwa hiyo sogeza kisu juu kidogo ukate tena. Baada ya hapo uning'inize kivulini penye upepo, kwa wiki moja au mbili, mpaka mkato uwe mgumu na mkavu kama kigaga cha goti la mtoto. Hautakufa kwa kiu, kwa kuwa maji umeyabeba wenyewe. Ukishakauka, upande katika mchanganyiko mkavu wa mchanga mnene wa mto, kokoto ndogo na udongo kidogo sana, ndani ya chungu chenye tundu, kisichozidi sana upana wa kitako. Chungu kikubwa hukaa na unyevu muda mrefu, na mchanga wa ufukweni una chumvi. Halafu subiri tena kama wiki nzima ndipo mti uonje maji ya kwanza.

Mti wangu wa pili ulipoanza kubonyea niliutundika kwenye kamba ya nguo kwa siku 12, kichwa chini, kati ya shuka na kaptura zangu, mpaka mke wangu akauliza kama ninakausha ng'onda. Leo una majani mapya 6, na samadi haujaionja.

Huo wako ung'oe leo, lakini usiupande leo. Ukishakata, niandikie nyama ya katikati ina rangi gani.