Bomba la mafuta la Hoima–Tanga na Ziwa Victoria: jibu la mtu wa Missenyi

Wakuu, salaam. Mwenzetu mmoja ameuliza: "Nyie wa Kanda ya Ziwa, hili bomba mnalitaka au hamlitaki? Wanaharakati wanasema ziwa litakufa, serikali inasema ni salama, tumwamini nani?" Wengi wamejibu kwa kuchagua upande. Mimi kwetu ni Missenyi, upande wa Kyaka, na nimekula jasho langu kwa miaka mingi kwenye dagaa na sangara wa mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, ya Bukoba na Muleba. Nitajibu kwa upande wa maji tu, maana ndiyo ninayoyajua.

Kwanza tunyooshe jambo moja. Bomba halipiti ndani ya ziwa. Linaanzia Kabaale, wilayani Hoima, linaingia kwetu kupitia Missenyi, linashuka Bukoba Vijijini, Muleba, Biharamulo, Chato na Geita, halafu linakata Kahama, Nzega, Igunga na kuendelea hadi Chongoleani, Tanga. Ni kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Anayesambaza picha za bomba lililolazwa chini ya Ziwa Victoria anawapotosha watu, na anawapa kisingizio wale wasiotaka kusikia hoja yoyote ya mazingira.

Lakini kutokupita ziwani hakumalizi habari. Karibu theluthi moja ya njia hiyo imo ndani ya bonde la ziwa, maana yake mvua ikinyesha hapo, maji yake mwisho wa safari ni Victoria. Chukua mto Ngono. Unaanzia Muleba, unapita taratibu kwenye mabonde ya mafunjo kuelekea kaskazini, unaingia Kagera pale Kyaka. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani, na unamwaga maji yake upande wa Uganda, jirani na Kasensero. Kwa hiyo mafuta yakivuja kwenye bonde la Ngono leo, Watanzania watayaona kwanza, kisha wavuvi wa Uganda, ambao wala hawakuwepo kwenye mkutano wowote wa kijiji chetu.

Na ziwa lenyewe ni la kuhurumia. Ni kubwa, kilomita za mraba 68,000 na zaidi, lakini ni la kina kifupi: wastani wa mita 40 tu. Maji yake mengi hutoka kwa mvua inayoliangukia moja kwa moja, na mengi hupotea kwa jua. Mlango wa kutokea ni mmoja, Nile pale Jinja. Kitu kibaya kikiingia, hakitoki upesi. Tumeyaona kwa magugu maji.

Tena msidhani hili ni la wavuvi peke yao. Ndugu zetu wa Kahama, Shinyanga, Nzega, Igunga na Tabora mjini wanakunywa maji ya ziwa hili, yanavutwa kutoka Ihelele kule Misungwi. Kuna mtu yuko Nzega, hajawahi kupanda mtumbwi maishani, na bado ziwa liko ndani ya ndoo yake kila asubuhi.

Wanaotetea mradi wana hoja moja ya kweli, na ni haki niiseme. Mafuta ya Uganda ni mazito yenye nta. Yakipoa huganda kama samli wakati wa baridi, ndiyo maana bomba zima limefunikwa kuzuia joto lisitoke na litapashwa kwa umeme ili mafuta yakae kwenye nyuzi 50 hivi. Maji ya ziwa letu ni nyuzi 25 au karibu na hapo. Kwa hiyo mafuta yakimwagika hayatatandaa haraka kama dizeli, yataganda mabonge. Sawa. Ila nani ataokota mabonge ndani ya mafunjo ya Ngono, ambako hata mtumbwi hupita kwa shida? Na mazalia ya samaki yako humo humo kwenye mafunjo.

Sasa nifike kwenye swali ninalotaka tuliulize sote: valvu, yaani vifungio vya kukata mafuta ndani ya bomba, ziko wapi? Bomba ni la inchi 24. Piga hesabu mwenyewe: kilomita moja ya bomba la namna hiyo likiwa limejaa ina zaidi ya lita 250,000. Bomba likipasuka, mitambo ya kugundua uvujaji inapiga kengele, valvu za pande mbili zinafungwa, na kilichobaki katikati yake ndicho kinachoweza kumwagika, hasa kama ufa uko bondeni na mafuta yanateremka kutoka pande zote. Valvu zikiwa kilomita tano kutoka kila ukingo wa mto, hayo ni mambo mengine kabisa na zikiwa nusu kilomita. Umbali huo ndio unaoamua kama Kagera itapata doa au msiba. Nimesoma mabishano mengi, watu wanatukanana kuhusu ukoloni na uzalendo, na ni mara chache sana nimemkuta mtu akiuliza hilo.

Wasiwasi wangu umetokana na jambo nililoliona kwa macho yangu, wala halikuhusu bomba hili. Lori la dizeli lilipinduka kwenye daraja dogo huku kwetu. Vijana walikimbilia na madumu, na kila mwenye akili aliogopa, kwa sababu sote tunaikumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, ambako zaidi ya watu 100 walikufa wakikinga mafuta. Bahati nzuri moto haukuwaka. Lakini dizeli iliingia kijitoni, na asubuhi kina mama wa chini walichota maji kama kawaida. Hakuna aliyekuwa na namba ya kumpigia mtu yeyote kule. Habari iliwafikia kwa harufu. Samaki wa mwalo wa karibu walikosa wanunuzi kwa muda mrefu, hata waliovuliwa mbali kabisa na pale, na mimi nilirudi na mzigo ambao haukuwa na kosa lolote. Hilo lilikuwa lori moja.

Na kuna tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ya Kagera ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9, kitovu kikiwa karibu na Nsunga, Missenyi hii hii. Watu walikufa, shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikabomoka. Bomba la chuma lililofukiwa linaweza kuvumilia mtikisiko. Hatari kubwa ni pale ardhi yenyewe inapohama au kilima kinapoporomoka. Sisemi halikuzingatiwa. Nasema tuonyeshwe.

Kuhusu mabishano ya wakubwa, nitapita haraka. Bunge la Ulaya lilipitisha azimio dhidi ya mradi Septemba 2022, na Uganda ikalijibu kwa hasira. Wengi huku walifurahia majibu hayo, na nawaelewa, kwa sababu Ulaya imechoma mafuta yake miaka mingi. Novemba 2023 Mahakama ya Afrika Mashariki iliitupa kesi ya mashirika ya kiraia kwa kuwa ilifunguliwa nje ya muda. Watu wakashangilia kwamba mahakama imesema bomba ni salama. Haikusema hivyo. Suala la maji halikufika hata mezani.

Kwa hiyo mkuu, ulivyoniuliza nataka au sitaki: mabomba yameshawekwa ardhini, na mimi siwezi kuyafukua. Ninachotaka ni maji ya Ngono na Kagera yapimwe sasa, kabla mafuta hayajaanza kupita, na majibu yabandikwe ofisi za kata kwa Kiswahili. Bila kipimo cha kabla, siku ya kuvuja utaambiwa uchafu huo ulikuwepo siku zote, na huna cha kujibu. Nataka pia BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, ziwe na namba moja ya dharura na zifanyishwe mazoezi, pamoja na wenzao wa Kasensero, maana maji hayasimami Mutukula kugonga pasipoti.

Kwenye mikutano ya kijiji niliyohudhuria, maswali karibu yote yalikuwa ya fidia ya migomba na kahawa. Ni haki, kibanja ndio uhai wa mtu. Ila fidia inamhusu aliyeko ndani ya mkuza, ule ukanda wa ardhi ya bomba, tu, maji yanamhusu kila mtu. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Aliye Missenyi, Bukoba Vijijini au Muleba aandike barua halmashauri, nakala NEMC, baraza la taifa la mazingira, aulize mambo matatu: valvu ziko umbali gani kutoka kila mto, maji yalipimwa lini na majibu ni yapi, na nani atamlipa mvuvi ambaye samaki wake hawanunuliki. Mkijibiwa, wekeni barua hapa hapa, na mimi nitaweka yangu.