Nani anathibitisha ubaguzi kazini?

Wakuu, si kweli kwamba mfanyakazi ndiye anathibitisha ubaguzi mwanzo mwisho, na wakili mpya asifundishwe hivyo. Soma kifungu cha 7(8) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: mfanyakazi akishaonyesha ushahidi wa awali, mzigo wa kuthibitisha unamhamia mwajiri.

Mfano dada wa kukata minofu ya sangara kiwandani hapa Mwanza. Ameondolewa kwenye ratiba ya zamu wiki ileile aliyosema ni mjamzito, wenzake wote wamebaki. Ratiba mbili hizo na ujumbe wa msimamizi kwenye simu ni mwanzo mzuri. Mwajiri ndiye aeleze sababu nyingine. Lakini kusema tu "nimebaguliwa" hakutoshi, ushahidi wa awali lazima uwepo.

Mimi nawasimamia mawakili wanaoanza, na kinachowaangusha zaidi ni muda. Fomu Na. 1 ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), ya kufungulia mgogoro, iwasilishwe ndani ya siku 30 kama mteja ameachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Jamani, mteja akija ofisini, muulizeni tarehe kwanza.