Paka anajikuna mpaka manyoya yanaisha: maswali yenu na majibu

Paka wangu anajikuna usiku kucha na juu ya mkia pameshakuwa kipara. Nimemchambua manyoya yote sioni kiroboto hata mmoja, shida nini?

Bado mi nawashuku viroboto. Kutowaona sio ushahidi kwamba hawapo, maana paka akiwashwa anajilamba na kujing'ata mpaka anawameza, na kama ana aleji na mate ya kiroboto basi kuumwa mara moja tu kunamwasha siku kadhaa, we unaanza kutafuta wakati mhalifu keshaliwa zamani. Kipara kikianzia kiunoni kwenda kwenye mkia na mapaja ya nyuma, hao ndo wa kwanza kuwatafuta. Chukua kitana cha chawa, kile chenye meno yaliyobanana, mchane halafu kung'utia kwenye tishu nyeupe iliyoloa. Vipunje vyeusi vikianza kutoa rangi ya kahawia-nyekundu hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka wako iliyosagika. Visipotoa rangi basi ni vumbi tu.

Nilimpaka dawa wakaisha, baada ya wiki chache wamerudi kama kawa. Niliuziwa feki?

Inawezekana, ila mara nyingi dawa haina kosa, tatizo liko ndani ya nyumba. Viroboto walio juu ya paka ni sehemu ndogo tu ya jeshi, mayai yanadondoka kwenye zulia, makochi, nyufa za sakafu na pale anapolala, yanakuwa mabuu, buu anajifungia kwenye kifuko chake na humo dawa nyingi hazimfikii, anaweza kukaa miezi akisubiri, akihisi joto na mtikisiko wa mtu au mnyama ndo anatoka kuja kula. Sasa we umepaka mara moja ukaacha! Endelea kumpaka kwa ratiba iliyoandikwa kwenye pakiti angalau miezi 3 mfululizo, na wanyama wote wa nyumbani wapate, hata yule asiyejikuna, matandiko yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60 na chini ya makochi pafagiliwe kwelikweli. Na muulizie dawa ya minyoo pia, kiroboto akimezwa anamwachia paka tegu.

Nina dawa ya viroboto ya mbwa imebaki, nikimwekea kidogo tu si itasaidia?

Usimwekee hata tone. Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, kemikali ya kuua wadudu, na ini la paka haliwezi kuivunja, anaanza kutetemeka, degedege, na wengine wanakufa. Kama umeshampaka muogeshe sasa hivi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunike asipate baridi halafu mkimbize kwa vet (daktari wa mifugo) ukiwa na pakiti ya dawa mkononi. Kama unafuga na mbwa, ukimpaka mbwa dawa hiyo watenganishe, wasilambane wala kulaliana. Tukiwa hapohapo, panadol nayo ni sumu kwa paka, na yale mafuta makali ya mimea mnayoambiwa ni "ya asili" yaacheni.

Wangu tumbo na mapaja kwa ndani hayana manyoya ila ngozi safi kabisa, na sijawahi kumwona akijikuna. Wananiambia ni stress.

Labda anajilamba ukiwa umelala au umetoka, paka wengi ni wasiri kwenye hili. Pitisha kidole pale penye kipara, ukisikia vinyoya vifupi vinachomachoma basi vimekatwa na ulimi, havikung'oka vyenyewe. Stress ipo kweli, kuhama nyumba, paka mgeni, mtoto mchanga, ila mi naona watu wanaikimbilia mapema mno wakati aleji ndo imejaa. Tumbo hasa linaweza kuwa maumivu ya kibofu, kwa hiyo angalia kama anakojoa kidogo kidogo au anahangaika, na akiwa dume anajikamua mkojo hautoki, hiyo ni dharura, usingoje kesho.

Aleji ya chakula nayo ipo, na dalili yake mara nyingi ni kujikuna kichwa na shingo. Kuigundua ni kumlisha nyama ya aina moja ambayo hajawahi kula, wiki 8 hivi, bila kitu kingine chochote, na hapo ndo watu wanafeli maana kuna mtu mmoja nyumbani lazima amrushie kipande cha samaki.

Kitoto cha paka kina viduara visivyo na manyoya masikioni, na mwanangu katoka duara jekundu mkononi.

Hiyo inafanana sana na choa, ni fangasi na inaambukiza watu. Mtoto aende kwa daktari, paka kwa vet, achukuliwe manyoya yapimwe. Usimpake krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe), inaficha tu na fangasi inazidi kusambaa. Mtengee chumba kinachosafishika kirahisi, maana mbegu za fangasi zinakaa kwenye vitambaa muda mrefu.

Kila akichomwa sindano anapona, baada ya mwezi anarudia.

Kuna uwezekano mkubwa ni steroidi, inazima muwasho lakini chanzo hakijaguswa, na zikirudiwa sana zinaweza kumletea kisukari. Muulize vet kwa upole tu, "daktari, tunatibu nini hapa?" Asipokuwa na jibu, na hajawahi hata kumchana kutafuta viroboto wala kumkwangua ngozi aangalie utitiri, tafuta vet mwingine.