Doi Suthep: panda kwa miguu, shuka kwa gari

Mara ya kwanza nilikaa Doi Suthep, mlima wenye hekalu la Kibudha huko Thailand, dakika arobaini, na karibu nusu yake nilikuwa kwenye foleni ya choo. Ilikuwa Jumapili, saa saba mchana, jua la utosini. Nilipanda na gari, nikapiga picha zangu, nikashuka. Jioni mwenzangu wa kozi, mwenyeji wa Chiang Mai, aliniuliza nimepaonaje. Nikamjibu pazuri. Akacheka, akasema, "Umefika, lakini hujapanda."

Maneno yale yaliniuma kidogo, maana mimi ni mtoto wa Lushoto. Mtu wa milimani kuambiwa hajapanda mlima! Siku kumi na mbili baadaye, kabla sijarudi Dar, nikaenda tena, safari hii kwa miguu, na ushauri wangu wote unatoka kwenye safari hiyo ya pili.

Kwa asiyepajua: Chiang Mai ni mji wa kaskazini mwa Thailand, na upande wake wa magharibi umeegemea mlima. Hekalu linaitwa Wat Phra That Doi Suthep na liko ubavuni mwa mlima huo, kwenye mwinuko wa mita elfu moja na kitu. Msitu unaolizunguka ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1981, yenye kilomita za mraba 261. Wenyeji husimulia kwamba katika karne ya 14, mfalme Kuena alikuwa na kipande cha mfupa wa Budha na hakujua akiweke wapi. Wakampakia tembo mweupe mgongoni, wakamwachia njia yake. Tembo akapanda mlima, akapiga kelele mara tatu, akafa. Pale alipoangukia ndipo pakajengwa, mwaka 1383. Ukiijua hadithi hii kabla ya kupanda, utaelewa kwa nini kuna sanamu ya tembo mweupe pale juu. Mimi mara ya kwanza nilidhani ni pambo la watoto.

Jambo moja la nyumbani kwanza. Ukitoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, Thailand inataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kile kijitabu cha njano usikizamishe kwenye begi kubwa linalokwenda chini ya ndege. Uwanjani Bangkok kuna dawati la afya unalopitia kabla ya uhamiaji. Nilimwona Mwafrika mwenzangu amerudishwa nyuma ya mstari akipekua mikoba yake huku jasho linamtoka, na viyoyozi vilikuwa vinavuma.

Sasa njia. Nenda mpaka mwisho wa barabara ya Suthep, nyuma ya Chuo Kikuu cha Chiang Mai, ambako nyumba zinaisha na miti inaanza. Hapo ndipo inapoanzia njia ya watawa, waliyokuwa wakiifuata kabla barabara ya magari haijakatwa. Huna haja ya kumlipa mtu akuongoze. Miti imefungwa vitambaa vya rangi ya chungwa, rangi ileile ya mavazi ya watawa, nawe unafuata kitambaa hadi kitambaa. Mimi nilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Huo ndio wakati wake, ubaridi bado umo msituni na ndege wanapiga kelele kama wako harusini.

Vaa viatu vyenye meno. Nilikwenda na raba laini za mjini, mvua ilikuwa imenyesha usiku, na kwenye kipande kimoja chenye mizizi nilikaa chini bila kupenda. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa anashuka na mbwa wake alinyoosha mkono kuniinua, hakusema neno, akaendelea zake.

Baada ya kama saa moja, kwa mwendo wa mtu anayesimamasimama, unafika Wat Pha Lat. Hapa sitapita haraka. Ni hekalu dogo lililojificha msituni, kwenye jabali la mteremko ambalo maji ya kijito hutiririka juu yake. Zamani watawa na mahujaji walipumzika hapa kabla ya kumalizia mlima. Kuna sanamu zilizoota kuvu na ngazi zilizofunikwa majani, na pale jabali linapokatika unauona mji wote chini. Asubuhi ile tulikuwa watu watano. Mtawa mmoja kijana alikuwa anafagia majani, na kila alipomaliza kipande mti ulimwaga mengine, naye akarudia bila haraka na bila kinyongo. Nilikaa pale zaidi ya saa nzima. Kama una nguvu za sehemu moja tu, ishia hapa na urudi. Nasema hivi nikijua watu wa matangazo ya utalii hawatapenda, maana picha zote ni za kule juu.

Ukiendelea, njia inakuwa kali zaidi na inakutana na lami. Lami hiyo nayo ina kisa. Mwaka 1934 mtawa aliyeitwa Kruba Srivichai aliwaita watu wachimbe barabara ya kufika hekaluni. Wakaja kutoka vijijini na majembe yao na chakula chao, na Aprili 1935 gari likapanda. Kwetu Tanga tungeuita msaragambo. Sanamu yake iko chini mlimani, na ukipita utakuta watu wamemwekea maua kabla ya kupanda.

Ngazi za mwisho ni zaidi ya mia tatu, na pembeni nyoka wawili wa hadithi wamelala toka juu hadi chini, magamba yao yanang'aa. Mwenye magoti mabovu asijitese, kuna lifti ya reli kwa malipo madogo. Juu mgeni hulipa kiingilio. Zamu yangu kilikuwa baht 30.

Kuhusu mavazi, dada zangu, bebeni kanga. Nguo moja hiyo inafunika mabega, inafunika miguu, inafuta jasho, na ukichoka unaikalia. Na akina kaka, kaptura na singlendi viacheni hotelini. Viatu vinavuliwa kabla ya kuingia uwanja wa ndani, jambo ambalo kwa mtu aliyezoea msikitini si geni hata kidogo, ila sakafu ikishapigwa na jua utaruka kama uko kwenye makaa. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwahi.

Ndani kuna mnara uliovikwa mabamba ya shaba yaliyopakwa dhahabu, na watu wanauzunguka mara tatu, mnara ukiwa upande wao wa kulia, mikononi wameshika ua la yungiyungi na ubani. Usiwakatize kwa ajili ya picha. Ukikaa chini, nyayo zisielekee sanamu ya Budha. Kaa kama kwenye tahiyatu, miguu umeikunja pembeni, na hakuna atakayekutazama vibaya. Mwanamke asimguse mtawa wala asimpe kitu mkono kwa mkono. Unaweka chini, naye anachukua.

Watu huniuliza kama Mwislamu au Mkristo anaruhusiwa kuingia. Mlangoni sikuulizwa dini. Ndani ya ukumbi mtawa alikuwa anawanyunyizia watu maji kwa fagio dogo huku akiwaombea, kisha wanafungwa uzi mweupe mkononi. Mimi nilikaa nyuma, nikatazama, nikaondoka. Adabu ya mgeni haikulazimishi kuabudu, na kukaa kwako nyuma kimya hakumvunjii mwenyeji heshima.

Kushuka, panda zile gari nyekundu ziitwazo songthaew. Jina lenyewe maana yake ni safu mbili, kwa sababu abiria wanakaa kwenye mabenchi mawili wakitazamana. Waliopanda chai maharage Dar enzi zile, au daladala za Unguja, watajiona wako nyumbani. Patana nauli kabla ya kukaa. Dereva husubiri gari lijae, kwa hiyo ukiwa peke yako usikubali kulipia viti vitupu kama huna haraka. Na kona zile jamani! Mombo hadi Lushoto nimepita toka utotoni, na bado nilishika chuma.

Msimu mzuri ni Novemba hadi Januari. Kuanzia Februari hadi Aprili mashamba na misitu huchomwa, moshi unatanda bondeni, mji hauonekani na kifua kinalalamika. Mvua za katikati ya mwaka zina uzuri wake ila njia inateleza, na ruba wapo. Mkesha wa Visakha Bucha, sikukuu kubwa ya Wabudha ambayo kwa kawaida huangukia Mei, watu hupanda usiku kwa miguu wakifuata barabara. Sijawahi kuuona mkesha huo. Nikijaliwa kurudi, nitarudi kwa ajili yake.

Mimi safari yangu iliangukia Ijumaa. Nilishuka na njaa ya kweli, nikaenda mjini karibu na msikiti wa Ban Haw, ambao ni wa Waislamu wenye asili ya China, nikaagiza khao soi: tambi kwenye mchuzi mzito wa nazi, na tambi nyingine za kukaanga juu yake. Mwuzaji aliangalia suruali yangu yenye tope makalioni, akaelekeza kidole mlimani. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaniongezea mchuzi.